Nimekuja Kula

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa siku nilipoingia hotelini peke yangu kwa mara ya kwanza, nikavuta kiti na kuagiza chakula. Nasema hoteli kama tunavyosema huku kwetu: chumba kimoja chenye meza za mbao na viti vya plastiki, ndoo ya maji ya kunawa mlangoni, na ubao ulioandikwa vyakula kwa chaki. Kabla ya hapo nilikuwa nimekula hotelini mara chache sana, na kila mara kulikuwa na mtu aliyeniagizia. Baba yangu, nilipokuwa msichana. Kaka yangu, siku aliyonipeleka hospitali. Mume wangu, mara mbili, wakati wa uchumba. Hakuna aliyeniuliza ninataka nini. Sahani ilikuja, nikala, nikashukuru.

Nimezaliwa Daudi, upande wa Mbulu, nikaolewa Nangwa, chini ya Mlima Hanang. Kote huko nimekuwa mpishi. Sikusomea, na hakuna aliyewahi kuniita hivyo, lakini nimewapikia wakwe, watoto sita, vibarua wa kuvuna, wageni wa kipaimara na waombolezaji wa misiba yote ya kitongoji chetu. Mtu aliyesonga ugali kila siku kwa miaka thelathini anaujua ugali kuliko anavyoujua uso wake.

Siku hiyo nilikuwa nimepeleka vitunguu Katesh, ilikuwa siku ya mnada. Mnunuzi alifika mapema, na saa tano asubuhi sikuwa tena na mzigo. Wanawake wa kwetu tukienda mnadani hubeba viazi vya kuchemsha na chai kwenye chupa, tukala tumekaa juu ya magunia huku tumeupa upepo mgongo, maana upepo wa Katesh ukikukuta umefungua mdomo unakulisha vumbi. Viazi vyangu nilikuwa nimempa mwenzangu aliyekuja na mtoto. Nikawa nina njaa, nina hela yangu mfukoni, na mbele yangu kuna mlango wa hoteli unaotoa harufu ya nyama ya mbuzi. Ndani walikuwamo wanaume tu. Wengine nilikuwa nawafahamu, ni wa vijiji vya jirani. Nilisimama pale kwa muda kama mtu anayengoja gari, halafu nikanawa mikono, nikaingia.

Mhudumu alikuwa mwanamke kijana, mwenye aproni ya bluu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Unamsubiri mzee?"

"Hapana. Nimekuja kula."

Alinitazama, akatazama nyuma yangu kuona kama kuna mtu anayekuja, kisha akanionyesha meza ya mwisho kabisa, pembeni ya mlango wa jikoni, mahali pa moshi. Nikakaa. Nikaagiza ugali, nyama ya mbuzi na mboga za majani. Baada yangu waliingia wanaume watatu, wakaagiza, wakaletewa, wakaanza kula. Wakaingia wawili wengine, nao wakaletewa. Yule mhudumu alipopita karibu yangu nikamwambia kwa sauti ya kawaida, "Mwanangu, nilikuja kabla ya hao." Akasema, "Naleta, mama." Akaleta.

Nyama ilikuwa mifupa ya shingo. Sikusema kitu, nikaona labda ndiyo bahati ya chungu. Lakini nilipokata tonge la ugali nikaona vidonge vyeupe vya unga mkavu. Nikakata upande mwingine. Ni hivyo hivyo. Nikaweka tonge chini, na nakumbuka moyo ulivyokuwa ukinidunda, kana kwamba ni mimi niliyepika vibaya na nakaribia kukamatwa. Nilijua ninachopaswa kufanya kama mwanamke mwenye adabu. Kula pembeni, kuacha katikati, kulipa, kwenda. Nilikuwa nimefanya hivyo maisha yangu yote kwenye meza za watu.

Nikamwita mhudumu. "Ugali huu haujaiva."

Alicheka kidogo, kicheko cha mtu asiyejua afanye nini. Akaingia jikoni, na badala yake akatoka mwenye hoteli. Alikuwa mwanamke wa rika langu, amejifunga ushungi, mikono ina unga hadi kwenye viwiko. Nilikuja kujua baadaye kwamba wazazi wake walitoka Kondoa kuja kuuza nguo Katesh, yeye akazaliwa hapo hapo.

"Mama, kuna shida gani?"

"Ugali una unga mbichi."

"Watu wote hawa wanakula ugali huo huo. Hakuna aliyelalamika."

"Basi mimi ndiye wa kwanza."

Watu wa meza za mbele waligeuka kututazama. Alichukua kipande kutoka sahani yangu, akakivunja kwa vidole, akakiangalia. Hakuomba radhi. Aliibeba sahani, akarudi nayo jikoni, nikasikia mwiko ukigonga sufuria kwa nguvu, na baada ya muda akaleta ugali mwingine, wa moto, umesongwa mpaka unang'aa. Akauweka mbele yangu. Nikala wote. Nilipotoka nje nilikuwa na furaha ambayo sikuitegemea. Ilinishangaza, maana ilikuwa ni ugali tu.

Toka siku hiyo, kila mnada nilikula hotelini. Sikumficha mume wangu, ila pia sikumwambia. Yeye siku za mnada alikuwa upande wa ng'ombe na wenzake, na alikula hotelini tangu tulipooana, bila kuomba ruhusa ya mtu. Nami nilikuwa nikila kila mahali safari iliponipeleka. Nilipokwenda Daudi kumwona dada yangu nilikula Mbulu mjini, karibu na stendi, ambako wahudumu watatu walisimama wakitazama televisheni na chai yangu ilikuja na harufu ya moshi. Niliirudisha. Dongobesh nilikula wali wenye mawe na maharage mazuri kuliko yangu, nikawaambia yote mawili, la mawe na la maharage. Getanuwas, kwenye kibanda cha mama mwenye sufuria moja na benchi moja, nilikula ugali na maziwa mgando, na sijapata mahali pengine pa kulinganisha. Yule mama aliniuliza, "Chumvi imekutosha?" Hoteli zote za mjini hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

Nikajifunza jinsi ya kutazama. Kwanza maji ya kunawa, kama ni safi na kama sabuni ipo au kuna kopo tupu lake. Pili mchuzi, maana nyama inaweza kudanganya lakini mchuzi wa juzi unajisema wenyewe. Na kuna lile la tatu, ambalo kwangu ndilo kubwa: wanavyompokea mtu mwenye matope kwenye viatu. Nilimwona mhudumu akiruka meza ya mzee aliyetoka shamba na kwenda kumpokea kijana mwenye funguo za gari mkononi. Hoteli hiyo chakula chake kilikuwa kizuri. Sikurudi.

Maneno yalifika kijijini kabla yangu. Mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama kanisani alikuja nyumbani mchana mmoja. Ni mkubwa kwangu kwa miaka kama kumi. Nikampa shikamoo, nikampa kiti, nikaweka chai jikoni. Alizunguka kwanza kwenye habari za mahindi na mvua, kisha akafika.

"Mdogo wangu, tunasikia unakula hotelini."

"Ndiyo, dada. Siku za mnada."

"Kwani kwako hakuna jiko?"

"Jiko lipo. Chai unayokunywa imetoka huko."

Hakucheka. "Watu wanauliza. Mwanamke ana nyumba yake, ana mume wake, anakwenda kukaa na wanaume hotelini kupikiwa. Mabinti zetu wanajifunza nini?"

Ilinichoma, siwezi kusema uongo. Nilimheshimu yule mama, na mara moja nilikaribia kusema nimekosa, naacha. Lakini nilikumbuka msiba wa mwezi ule ule, tulivyopika mimi na yeye masufuria mawili makubwa tangu alfajiri, tukapakua kwa wazee, kwa wanaume, kwa wageni wa mbali, kwa watoto, na mwisho tukakwangua ukoko tukala tumesimama, machozi ya moshi yakitutoka. Nikamkumbusha.

"Dada, mara ya mwisho wewe kukaa chini, ukaletewa chakula cha moto na mtu akakuuliza kama kimekutosha, ilikuwa lini?"

Alikunywa chai yake yote kabla ya kujibu. "Hayo siyo niliyokuja kuongea," akasema, akachukua mtandio wake, akaaga.

Halafu ikaja siku niliyomkuta mume wangu.

Niliingia kwenye hoteli ile ya kwanza, ya mama mwenye ushungi, na pale meza ya mbele alikuwa amekaa na wenzake watatu wa biashara ya ng'ombe. Katikati yao kulikuwa na sinia la mbavu za kuchoma. Wa kwanza kuniona alikuwa rafiki yake mnene, mtu wa utani.

"Shemeji, karibu. Mzee, umefuatwa."

Mume wangu aligeuka. "Kuna tatizo nyumbani?"

"Hakuna tatizo. Nimekuja kula."

"Subiri nje kidogo, namaliza, tunaondoka."

"Bado sijaagiza," nikasema.

Sikwenda meza ya mlango wa jikoni. Nilikuwa nimeshaiacha siku nyingi. Nilikaa meza ya katikati, inayotazamana na yao, nikaagiza ugali na nyama ya mchuzi. Wao wakaendelea na mbavu zao lakini mazungumzo yalikuwa yamekatika. Nilisikia tu meno. Chakula kilipokuja nikatia tonge kwenye mchuzi, nikaonja, na nikahisi uchachu. Sasa, ningeweza kunyamaza. Mume wangu alikuwa pale, na wenzake walikuwa wananiangalia jinsi watu wanavyomwangalia mtu anayevuka mto. Lakini kama ningenyamaza kwa sababu yeye yupo, basi miezi yote ile ingekuwa mchezo wa mwanamke ambaye mumewe hayupo. Nikamwita mwenye hoteli.

"Mchuzi huu umechacha."

Akaja, akachukua kijiko safi, akaonja kutoka bakuli langu, akanitazama.

"Hujachacha, mama. Ni ndimu. Leo nimetia ndimu, kwetu tunatia."

Nikaonja tena, taratibu. Ilikuwa ndimu. Harufu yake niliisikia wazi sasa, na nisingeweza kueleza jinsi nilivyoipita mara ya kwanza, isipokuwa kwamba nilikuwa nimeingia mle ndani nimejiandaa kupigana.

Rafiki mnene alicheka hadi akashika meza. "Shemeji, rudi tu jikoni kwako. Ya hoteli huyawezi." Wengine wakacheka naye. Mume wangu hakucheka. Alikuwa anautazama mfupa mkononi mwake.

Uso uliniwaka. Nilitamani kuchukua mkoba wangu na kutoka. Na nadhani wote waliokuwa mle walitegemea hivyo. Lakini niliwaza: wanaume wanakosea hotelini kila siku. Wanasema nyama ya ng'ombe ni ya mbuzi, wanabishana juu ya bia, wanarudisha chai iliyo sawa kwa sababu wameamka vibaya, na hakuna anayewaambia warudi jikoni. Wanakosea, wanaendelea kula.

"Basi nimekosea," nikamwambia mwenye hoteli. "Ni ndimu. Lakini imezidi."

Midomo yake ilicheza kidogo. "Inaweza kuwa imezidi," akasema, akaenda zake.

Nikavuta sahani, nikala. Nilikula polepole kuliko ilivyohitajika. Mume wangu aliinuka kabla mbavu hazijaisha, akawaambia wenzake watakutana kwenye ng'ombe, akatoka bila kunitazama.

Nilipofika nyumbani nilipika kama kawaida, nikamwekea chakula. Hakukigusa.

"Umeniaibisha mbele za watu."

"Kwa ndimu?"

"Siongelei ndimu. Mke akila hotelini, watu wanasema mume wake hamlishi."

"Na wewe ukila hotelini, wanasema mkeo hapiki?"

Aliisukuma sahani kando. Sikusema kwa dharau, nilitaka kweli kujua. Miaka thelathini alikula huko na sikuwahi kusikia mtu akinisema mimi kwa hilo. Akaniambia, kwa sauti ya chini ambayo huitumia akiwa amekasirika kabisa, kwamba jambo hilo limekwisha, nisikanyage tena hotelini.  Wiki nzima tuliongea mambo ya ng'ombe na ya maji tu.

Mnada uliofuata nilioga, nikavaa kitenge changu kizuri, nikamkuta anakamua.

"Nakwenda Katesh. Nitakula huko huko."

Aliendelea kukamua. Maziwa yalikuwa yakipiga ndoo kwa mpigo ule ule, hakuongeza wala hakupunguza. Nikachukua mkoba wangu, nikaenda. Sitadai kwamba sikuogopa. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumjibu akinikuta pale, na hakuja.

Mwenye hoteli aliponiona alisema, "Nilidhani hutarudi."

"Kwa sababu nilikosea?"

"Kwa sababu walicheka."

Wateja walikuwa wachache saa hiyo, lakini alisimama tu, mkono kwenye mgongo wa kiti. Nikamwambia akae. Akasema hajawahi kukaa kwenye meza zake mwenyewe, hula jikoni amesimama, kati ya sahani moja na nyingine, tangu alipofungua. Akanieleza kwamba siku ile ya ugali alinichukia wiki mbili. Alijiona mjinga kwamba amekuwa akiuza ugali mbichi na wanaume mia wakaula kimya, kisha akaja mwanamke mmoja wa vitunguu akamwumbua. "Nilitamani ukosee," akasema. "Na ulipokosea nilifurahi kweli." Tukacheka sote wawili. Hakukaa. Lakini aliniuliza maharage yake yana nini, hayaivi vizuri, nikamwambia ni ya zamani, amepewa yaliyokaa ghalani, amlaumu aliyemuuzia, asilaumu kuni.

Miezi ilipita. Mahindi yalikuwa yameshavunwa na Katesh ilikuwa na vumbi jekundu kila mahali, mpaka kwenye nyusi za watu, siku mume wangu alipoingia pale hotelini peke yake. Alivua kofia, akanawa, akatazama meza zote kama mtu anayetafuta nafasi ingawa nafasi zilikuwa tele. Kisha akaja akakaa mbele yangu.

"Unakula nini?"

"Wali na maharage."

Akamwambia mhudumu amletee hivyo hivyo. Nikamkumbusha kwamba hapendi wali. Akasema leo anautaka. Ulipokuja, akala vijiko viwili, akakunja uso.

"Una chumvi nyingi."

Nikaonja wa kwake. Kweli ulikuwa na chumvi nyingi, mkono ulikuwa umeteleza. "Mwambie aliyepika," nikasema. "Yule pale."

Akamtazama mwenye hoteli, akatazama wali, akala kijiko kingine. Nikangoja. Akala kingine, akanywa maji. Ndipo nikaelewa kitu ambacho sikuwahi kukifikiria katika ndoa yote. Mtu huyu aliyeniambia chumvi imezidi, chumvi haitoshi, mboga imepoa, ugali mlaini, tangu siku ya kwanza niliyowasha moto nyumbani kwake, hajawahi kurudisha sahani hotelini hata mara moja. Alikuwa ameula ugali mbichi wa pale miaka na miaka, akalipa, akasema asante.

"Unaogopa?" nikamuuliza.

"Siogopi. Ni aibu tu. Ametaabika kupika."

"Na mimi?"

Aliweka kijiko chini. Wali wake ulikuwa unapoa. Hakusema samahani, yeye siyo mtu wa neno hilo, na mimi sikulingoja. Aliinua mkono, akamwita mhudumu, na kwa sauti ndogo kabisa, kama anayeuliza choo kiko wapi, akasema wali una chumvi. Mhudumu akasema, "Pole, mzee," akabeba sahani. Mume wangu jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso. Aliletewa mwingine, akaumaliza.

Sasa hivi huja mara nyingine, si kila mnada. Wenzake humtania na yeye huwajibu au hawajibu. Mwenyekiti wa akina mama bado ananisalimia kwa mkato, ingawa wawili wa kikundi chake tumekwenda wote Katesh, na mmoja wao alirudisha chapati iliyoungua kwa maneno makali ambayo hata mimi nisingeyatumia. Nilimwambia apunguze. Akaniambia nimwache kwanza azoee kusema, kupunguza atajifunza baadaye.

Siku za mnada sipiki jioni. Nikirudi nimeshiba, navua viatu, nakaa. Mwenye njaa nyumbani kwangu anajua maziwa yalipo, anajua unga ulipo, na akiamua kusonga nitauonja na nitamwambia ukweli.